Kutafuta Mchanga Penye Mawe Matupu

Tulifika Death Valley, California, mwezi wa Januari, na ndio wakati wa kwenda, maana hapo Furnace Creek joto liliwahi kupimwa nyuzi 56.7 za Selsiasi, tarehe 10 Julai 1913. Pale Badwater tulisimama mita 86 chini ya usawa wa bahari, tukiinua shingo kuitazama Telescope Peak, mita 3,368.

Tulichokifuata kiko katikati: tandazo la mawe la Hanaupah. Mafuriko huyakokota mawe korongoni, yakifika bondeni yanatawanyika kama kipepeo cha kupepea jiko, mpini ukiwa mdomoni mwa korongo. Tulitaka kujua yalitua lini.

Anayejua ni chembe ya mchanga. Ikizikwa, mionzi ya urani, thoriamu na potasiamu ya ardhini huijaza nishati kidogo kidogo. Ikiona jua, nishati hiyo inatoka na hesabu inaanza upya. Maabara huichokoza kwa mwanga, nayo hung'aa kwa kadiri ilivyokaa gizani. Mchanga una madini ya aina mbalimbali: kwatzi ya huku mara nyingi hung'aa hafifu, kwa hiyo tunategemea madini mengine, feldispa.

Lakini mchanga wenyewe uko wapi? Mawe matupu, mengine makubwa kama mbuzi aliyelala. Tulikagua kingo za mkondo mkavu tangu asubuhi, hadi saa nane mwenzangu wa Kitale akaita, "Dada, njoo uone!" Utepe wa mchanga, vidole vinne tu, umebanwa na mawe juu na chini. Niliugusa. Ulikuwa wa baridi na mkavu, kama mtama ghalani.

Tukajifunika turubai jeusi, tukapigilia bomba la chuma. La kwanza liligonga jiwe, likapinda, mchanga ukamwagika juani. Huo haufai tena. La pili likaingia. Nikaziba ncha zote, nikalizungushia plastiki nyeusi. Shimoni tukaweka kifaa cha kupima gama, aina ya mionzi ya ardhini ipenyayo mbali, kwa kuwa mionzi hiyo hutoka hata sentimita 30 pembeni, na mawe hayatoi sawa na mchanga.

Kinachoninyima usingizi ni tope. Mafuriko yakija mazito, au usiku, chembe nyingi huzikwa bila kuliona jua, zikatoa umri mkubwa kupita ukweli. Ndiyo maana tunazipima mojamoja na kusikiliza zaidi kundi la zile changa. Ni kazi ya miezi, na naipenda.

Yule kaka wa Kitale aliendesha gari. Bomba nililipakata njia nzima.