Mko wangapi?

"Redio mbili naziona. Na wewe, mko wangapi?"

CQ World Wide, mashindano ya redio za ridhaa ya kuwasiliana na vituo vingi vya dunia, yalifungwa saa tisa usiku wa kuamkia jana, ila swali la Mzee bado linanizunguka. Posa ya mdogo wangu imepokelewa Machame, hesabu za mwezi zimefungwa ofisini, mimi kichwani bado nipo Jumamosi asubuhi, mbele ya redio zangu mbili.

Sikio la kulia redio ya masafa ya mita 10, Ulaya wamefurika. La kushoto mita 15. Naita kote kwa zamu, kwa nukta na vistari vya Morse. Mzee kakaa nyuma yangu na hedifoni yake.

"Mjapani kakuita mara ya pili huyo."

"Nimemsikia, Mzee. Namalizia huku kwanza."

"Huku wapi?"

"Ulaya."

Ndipo akaniuliza tuko wangapi. Mnamjua, hana neno la kuumiza mtu. Lakini liliniuma, maana sayansi iko upande wake. Mwaka 1953 Colin Cherry, Mwingereza, aliwasikilizisha watu ujumbe tofauti katika kila sikio na kuwataka waurudie mmoja. Huo waliuweza. Wa sikio la pili, wengi hawakugundua hata ulipobadilika kuwa Kijerumani.

Mjapani nilimjibu: 599, yaani nakusikia vizuri, na 37, namba ya zoni yetu; naye akanipa 25, ya kwake. Zoni mpya na nchi mpya kwa mpigo, na kila mpya ni kizidishi, kinapandisha pointi zote za nyuma. Bado nikawa najitetea kimoyomoyo hadi leo, kwenye daladala ya KCMC, jibu likanijia lenyewe.

Kanuni hairuhusu kurusha mawimbi mawili kwa wakati mmoja. Kompyuta inapoita upande wa kulia, sikio la kulia halina kazi kwa sekunde kadhaa. Mjapani anaishi ndani ya sekunde hizo. Akipokea namba yake, Ulaya wanapata zao. Nilihisi hivyo Jumapili alasiri: mikono imetulia, kila sauti inaingia kwa zamu yake, na furaha ikanijaa hadi nikasahau chai.

Niko mmoja, Mzee. Ninahama tu, na ninahama haraka. Jumamosi nikija nitakwambia.

Mama kapiga simu sasa hivi kutoka Kibosho. Ng'ombe hajagusa majani tangu asubuhi, ana mimba kubwa, na daktari wa mifugo yuko Himo hadi Alhamisi.