Uzoefu wangu wa kuchagua aina ya blogu na kuiendesha nikiwa Mtwara

Wengi wanaotaka kufungua blogu hapa Mtwara, Masasi na Lindi huanza kwa kuuliza kama watumie Blogger au WordPress, mitambo miwili ya kuendeshea blogu. Mimi huanza kwingine: andiko lako litasomwa kwa muda gani? Bei ya mnada wa korosho wa leo ina uhai wa siku mbili tatu. Maelezo ya kudhibiti ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, yatatafutwa kila mwaka mikorosho inapoanza kutoa maua. Picha za magofu ya Kilwa Kisiwani hazichakai. Maandiko ya aina hizo tatu ukiyarundika kwenye blogu moja yenye mpangilio mmoja, mawili yatapotea, na msomaji hatahangaika kuyatafuta.

Sababu iko kwenye namna blogu inavyofanya kazi. Kila andiko lina kichwa, tarehe, mwili, lebo na anwani yake ya kudumu. Mtambo wa blogu huyapanga kwa tarehe, jipya juu na la zamani chini, halafu wenyewe unatengeneza ukurasa wa mbele, kumbukumbu za kila mwezi, ukurasa wa kila lebo, na mlisho wa RSS ambao programu nyingine huusoma ili kujua kuna jipya. Huo mpangilio wa jipya juu ulikuwapo tangu neno weblog lilipoanza kutumika mwaka 1997, na Blogger ilipozinduliwa mwaka 1999 ikawaondolea watu kazi ya kupanga kurasa kwa mkono. Google iliinunua Blogger mwaka 2003, mwaka huohuo WordPress ikatoka. Kwetu Tanzania wengi walilifahamu jambo hili kupitia blogu ya Michuzi, iliyoanza mwaka 2005 na kusomwa kwa picha na habari fupi. Huo mpangilio wa jipya juu ulimfaa sana Michuzi. Mwalimu wa kilimo haumfai hata kidogo.

Nianze na blogu ya habari, maana ndiyo inayofunguliwa zaidi huku na ndiyo inayokufa mapema zaidi.

Msimu wa korosho ukianza mwezi Oktoba, watu wanataka kitu kimoja: bei. Kwa hiyo andiko la mnada ninaliandika kwa umbo lilelile kila mara. Kichwa kinataja chama kikuu, zao na tarehe: "Mnada wa TANECU: bei za korosho ghafi" kisha siku, mwezi na mwaka. TANECU ni chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala. Neno "leo" siliweki kwenye kichwa, kwa kuwa linki itazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka wiki ijayo, na mkulima wa Newala atadhani ni bei ya siku hiyo anayoisoma. Aya ya kwanza ina bei ya juu na ya chini kwa kilo, tani zilizouzwa na mnada ulipofanyika. Mengine yote, hotuba za viongozi zikiwamo, yanafuata chini. Tangu msimu wa 2024/25 minada inapitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, kwa hiyo bei ninazichukua kwenye matokeo rasmi na kuyataja kama chanzo. Za kusikia ghalani siziweki.

Kabla ya kubofya Chapisha, ninashughulikia anwani. Blogger huunda anwani yenyewe kutoka kwenye kichwa, tena ikiwa ndefu huikata katikati, na vichwa vyetu vya Kiswahili ni virefu. Ikishakatwa, minada miwili ya mwezi mmoja hupata anwani zinazofanana, tofauti yake ni tarakimu tu mwishoni, na baadaye hujui ipi ni ipi. Kwenye safu ya pembeni ya kihariri kuna sehemu ya kiungo cha kudumu. Ninachagua kujiandikia mwenyewe na kuweka kitu kifupi kama mnada-tanecu-1, kwa herufi ndogo na vistari. Ukishachapisha usiiguse. Linki uliyokwisha kutuma haitajua kwamba umehamisha andiko.

Hapohapo pembeni kuna maelezo ya utafutaji. Hayaonekani mpaka uyawashe kwenye mipangilio ya blogu, na wengi hawajui kama yapo. Nafasi yake ni herufi 150, na humo naweka bei yenyewe. Linki ikitumwa, maneno hayo hutokea chini ya kichwa, na asiye na bando la kufungua ukurasa anapata alichokitaka. Kuna wanaoona huko ni kupoteza wasomaji. Mimi naona ndivyo msomaji anavyojifunza kuiamini linki yako, na kesho akiona jina lako ataifungua.

Bei ikikosewa, silifuti andiko. Narekebisha tarakimu na kuweka mstari juu kabisa: "Marekebisho, saa 9 alasiri," pamoja na kilichobadilika. Ukilifuta, linki zote zilizoko kwenye makundi zinaishia kwenye ukurasa wa kosa, halafu ile picha ya skrini yenye bei isiyo sahihi inaendelea kuzunguka bila wa kuisahihisha.

Tukio linaloendelea kwa saa nyingi lina utaratibu wake. Mei 2024, wakati kimbunga Hidaya kilipopita na mvua kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, habari ya saa tatu asubuhi ilikuwa imeshapitwa ifikapo adhuhuri. Kwa hali kama hiyo natumia andiko moja tu ambalo linaongezewa juu, kila nyongeza ikiwa na saa yake. Ukitoa maandiko kumi, msafiri aliyekwama Somanga anaweza kufungua la tatu akidhani ndilo la mwisho. Siku chache baada ya kimbunga, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikawa taabu nchi nzima. Ndiyo maana rasimu zangu nazihifadhi kwanza kwenye simu, kwenye programu ya kuandikia isiyohitaji mtandao.

Blogu ya habari ina sharti ambalo aina nyingine nyingi hazina. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Zikaja kanuni mpya mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na uzito wa leseni ukaelekezwa kwa wanaotoa habari na matukio ya sasa. Kwa hiyo kabla ya kuandika habari ya kwanza, soma kanuni zinazotumika sasa na jedwali la ada la TCRA. Anayeandika namna ya kupalilia ufuta na anayeandika nani kashinda kura za maoni hawapo fungu moja mbele ya kanuni hizo.

Sasa blogu ya maarifa. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye nafasi kubwa kwetu, kwa kuwa maswali ya mkulima wa korosho, ufuta na mbaazi hujirudia kila msimu na majibu ya Kiswahili chepesi bado ni haba. Huku tarehe inakuwa adui. Andiko zuri la mwaka juzi linazama ukurasa wa nne, na mtafutaji akiona mwaka kwenye anwani anadhani limepitwa na wakati. Blogger huweka mwaka na mwezi kwenye anwani ya kila andiko. Kwenye WordPress ya kujihostia, yaani uliyoiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe, sehemu ya viungo vya kudumu, nachagua jina la andiko peke yake, na tarehe haionekani tena. Hii kwangu ndiyo sababu ya kweli ya kutumia WordPress kwa blogu ya maarifa. Uzuri wa muonekano ni ziada tu.

Ukiwa Blogger na huna pesa ya kuhama, ipo njia: maandiko ya kudumu yaandike kama kurasa, usiyaandike kama machapisho. Ukurasa hauna tarehe kwenye anwani yake. Hasara yake ni kwamba kurasa hazipokei lebo na haziingii kwenye mlisho wa RSS, kwa hiyo lazima uzipange kwa mkono kwenye menyu, na ukiongeza mpya utoe chapisho fupi la kuitangaza.

Kila andiko la kudumu nalipitia kabla ya msimu wake. La ubwiriunga nalisoma upya mwezi Mei, kabla ya maua, nalilinganisha na mapendekezo ya sasa ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, narekebisha majina ya viuatilifu na vipimo, kisha naandika juu "Limepitiwa" na mwezi wake. Anwani inabaki ileile. Baada ya misimu kadhaa, anwani moja iliyotunzwa hivyo hupatikana kirahisi kwenye utafutaji kuliko maandiko matano yanayosema jambo moja.

Kosa la lebo nalikuta kila mahali. Mtu anabandika lebo kumi kwenye andiko moja, "korosho", "Korosho", "zao la korosho", na kila moja inakuwa chumba chake chenye andiko moja. Chagua lebo saba au nane kwa blogu nzima, ziandike kwenye karatasi, na usiongeze nyingine mpaka uwe na maandiko matatu ya kuiweka.

Blogu ya picha inashindwa kwa jambo moja tu: uzito. Picha moja ya simu ya siku hizi ni MB 3 hadi 5. Weka kumi za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, umempa msomaji MB 40, na bando lake la siku limeisha kabla hajauona msikiti mkuu. Napunguza kila picha hadi upana wa pikseli 1200 na ubora wa JPEG asilimia 75. Inashuka hadi KB 200 hivi, na kwenye kioo cha simu tofauti haionekani. Kabla ya kupakia naibadilisha jina kutoka IMG na tarakimu kuwa mikindani-boma-kongwe, na sehemu ya maelezo mbadala naandika kinachoonekana, kwa ajili ya wanaosomewa na simu na kwa ajili ya utafutaji. Picha ya kwanza naikata iwe 1200 kwa 630, kwa kuwa ndiyo inayotokea linki inapotumwa. Ikiwa nzito, WhatsApp huiacha na linki inatoka kavu. Watu waliopigwa sura nawaomba ruhusa, na watoto siwaweki.

Blogu ya biashara, iwe ya mchongaji wa vinyago vya Kimakonde au nyumba ya wageni Msimbati, kimsingi ni kurasa tatu au nne zisizobadilika: bidhaa, bei, mahali, namba. Machapisho ni ya kuonyesha tu kwamba mlango bado uko wazi, na moja kwa mwezi linatosha. Shajara binafsi haina masharti yoyote zaidi ya kuwa na sauti yako.

Blogu ya chama au kikundi inataka ugawaji wa funguo. Nywila moja inayotumiwa na watu sita ni janga linalosubiri siku. WordPress ina ngazi: msimamizi, mhariri, mwandishi, na mchangiaji ambaye anaandika lakini hawezi kuchapisha. Vijana wa kikundi nawapa uchangiaji, katibu anakuwa mhariri, na wasimamizi ni wawili, ili mmoja akihama mji chama kisifungiwe nje. Blogger ina wasimamizi na waandishi, hadi watu 100 kwa blogu.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti iliyo yako mwenyewe, nunua kwa msajili aliyeidhinishwa wa majina ya .tz, na hakikisha limesajiliwa kwa jina lako. Fundi aliyekutengenezea asilisajili kwa jina lake. Kuliunganisha na Blogger, kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa kwa msajili wako, weka rekodi ya CNAME ya www ielekee ghs.google.com, kisha CNAME ya pili ya uthibitisho ambayo Blogger itakuonyesha, kisha rekodi nne za A: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24. Likikataa, mara nyingi ile CNAME ya pili imesahauliwa, au umeandika jina bila www. Likikubali, washa HTTPS, njia salama ya kufungulia tovuti, na uelekezaji wake, la sivyo simu za watu zitawaonya kwamba tovuti si salama. Kwa WordPress ya kujihostia, ongeza nakala rudufu mbili: hifadhidata, na folda ya wp-content yenye picha. Faili la kuhamishia maandiko pekee halibebi picha, linabeba anwani zake tu. Na mionekano ya blogu (themes) ya kulipia inayogawiwa bure mtaani usiiguse. Hapo ndipo virusi vinapoingilia.

Kuhusu mapato, AdSense, mpango wa matangazo wa Google, hailipi mpaka ufikishe dola 100, na ukifika dola 10 hutuma kwa posta barua yenye PIN ya kuthibitisha anwani yako. Andika S.L.P. sahihi pamoja na mji, ukague sanduku lako; barua huchukua wiki mbili hadi nne, na isipofika unaomba nyingine. Tangazo la duka la pembejeo la hapahapa Masasi hulipa mapema zaidi. Nakubaliana kwa maandishi ukubwa wa picha, ukurasa litakapokaa na tarehe litakapotoka, napokea malipo kabla, na juu yake naandika TANGAZO kwa herufi kubwa ili lisichanganywe na ushauri wa kilimo ulio chini yake.