Julai Ile Mwezi Ulipopatwa

Sisi wanne tulilala bweni moja miaka yote ya sekondari, na tangu tumalize shule tumekuwa tukiibia siku mbili tatu za kutoka pamoja, kila anayeona nafasi akiwashtua wenzake. Si safari kubwa. Ni kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, mahali penye maji au penye baridi, tulale mpaka tuchoke kulala. Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kulitamka lakini sote tulilishika: wenzi wanabaki nyumbani. Haikuwa kwa ubaya. Mtu aliyekujua tangu ukiwa na miaka kumi na minne ana namna yake ya kukutazama, na namna ile hupotea akikaa mtu mwingine katikati.

Mwaka 2018 mwiko huo ulivunjwa na Kiranja. Tunamwita hivyo mpaka leo kwa sababu alikuwa kiranja mkuu, na ile sauti hajaiacha. "Safari hii uje na shemeji," aliniambia kwenye simu. "Tumecheza harusini, tumeondoka, basi? Tutamjua lini?" Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Mume wangu naye akakubali, akauliza tu kama anaweza kuja na kidaftari chake. Ni mpima ardhi, hatoki nyumbani bila kitu cha kuandikia vipimo, hata tukiwa tunakwenda kwenye sherehe.

Ndani ya gari ndipo nilipouona ugumu wenyewe. Marafiki wa zamani hawasimuliani, wanakumbushana tu. Mmoja anasema "ile siku ya ndoo", wote wanacheka mpaka machozi, na habari imekwisha. Mwingine anadakia "na Matroni alivyosimama mlangoni!", kicheko kingine. Mume wangu tulimpa kiti cha mbele, kwa heshima ya ushemeji na kwa urefu wa miguu yake, akawa anageuka nyuma kila kicheko kinapopanda, anatabasamu, kisha anarudi kutazama barabara. Nikawa nasogea mbele kumweleza: ilikuwa hivi, maji yalikatika, sasa huyu akaamka usiku... Kabla sijafika katikati wenzangu wameshahamia kwingine. Iliniuma. Nawapenda watu wale wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya kosa, lakini gari lile lilikuwa na marafiki wanne na abiria mmoja.

Katikati ya kelele hizo mume wangu akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Leo mwezi unapatwa."

Aliyesikia ni Pacha peke yake. Si pacha wangu wa kuzaliwa. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, tukaitwa mapacha. "Saa ngapi, shemeji?"

"Unaanza kuingia kivulini saa tatu na dakika 24. Saa nne na nusu unakuwa umeingia wote."

"Dakika 24! Umepanga nao?" Akacheka, na yeye akacheka, nikaona mabega yake yakilegea kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Julai. Tulifika jua likizama. Nyumba ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, ina baraza linalotazama bahari, na sitaieleza zaidi kwa sababu hatukuikalia sana. Baada ya chakula mazungumzo yakarudi palepale, bwenini. Ilipotimia saa tatu mume wangu akaaga kwa upole, akatoka na kidaftari chake. Nikabaki nimekaa ukingoni mwa kiti. Nikimfuata, nimewaacha niliokuja kuwaona. Nikibaki, nimemwacha niliyekuja naye. Kila mwenye mwenza na marafiki wa siku nyingi anaijua hali hiyo, na sijapata mtu wa kunieleza inavyotatuliwa. Mimi nilitatuliwa na Kiranja. "Shemeji yuko wapi?" akauliza. Akajibiwa. Akasimama. "Haya, kila mtu abebe mkeka!" Sauti ile ikitoka, mpaka leo hakuna kati yetu anayebaki amekaa.

Nje kulikuwa kweupe kabisa. Vivuli vyetu vilikuwa vimelala mchangani, vyeusi, na ukingo mmoja wa mwezi ulikuwa umeshaanza kuliwa. Bahari nayo ilikuwa imekwenda mbali. Mawimbi tuliyasikia zaidi kuliko kuyaona. Tulimkuta amesimama kwenye mchanga mgumu, ule unaobaki na mikunjo maji yakiondoka, vikaa vidogo vikikimbia mbele ya miguu yake. Akatueleza kwamba yote mawili ni jambo moja. Jua, dunia na mwezi vikijipanga mstari mmoja ndipo linapokuja bamvua, maji yanakupwa sana na kujaa sana. Kupatwa kwa mwezi ni mstari huohuo umenyooka sawasawa. Pwani ile, usiku wa mwezi mpevu, maji hufika mwisho wa kukupwa kama saa nne hivi, halafu yanarudi. "Kwa hiyo tukae hapa," akasema, "ila tukumbuke kusogea."

Refa, aliyekuwa mwamuzi wa ugomvi wote bwenini, akauliza swali ambalo nadhani nimelibeba tangu darasa la jiografia bila kuthubutu kuuliza: mbona basi haupatwi kila ukiwa mpevu? Badala ya kujibu mume wangu akawapanga. Refa akapewa tochi, awe jua. Kiranja akaambiwa anyooshe ngumi, iwe dunia, cheo alichokipokea bila kushangaa. Pacha akapewa leso nyeupe iliyokunjwa ikawa donge. "Ipitishe nyuma ya ngumi, lakini juu kidogo." Leso ikapita, mwanga wa tochi ukaipata yote. "Sasa chini kidogo." Ikapata mwanga tena. "Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi tano ukilinganisha na njia ya dunia, kwa hiyo miezi mingi unapita juu au chini ya kivuli. Sasa ipitishe katikati." Leso ikaingia kwenye kivuli cha ngumi, ikapotea. Kiranja akapiga kelele za furaha, akaagiza irudiwe. "Taratibu zaidi," mume wangu akamwambia Pacha, "maana leo mwezi uko karibu na mahali pake pa mbali kabisa na dunia. Unaonekana mdogo na unakwenda polepole. Na unapita karibu na katikati ya kivuli. Ndiyo maana utakaa humo dakika 103. Karne hii nzima ya 21 hakuna kupatwa kamili kwa mwezi kutakakofikia urefu huo." Pacha akaipitisha leso polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na sote tukaisubiri itokee upande wa pili.

Saa nne na nusu ukazama wote. Nilitegemea giza tupu, lakini haukutoweka. Ulibaki palepale, mwekundu wa shaba. Mwanga wa jua unaopita kwenye hewa inayoizunguka dunia hupinda kuingia kivulini. Rangi ya buluu inatawanyikia njiani, nyekundu ndiyo inayofika. Na kwa kuwa ile nuru kali ilikuwa imezimika, nyota zikatokea nyingi mno, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, ikajichora toka upande huu hadi ule. Kusini kidogo ya mwezi kulikuwa na nukta kubwa, nayo nyekundu. Refa alidhani ni taa ya ndege. Ilikuwa sayari ya Mirihi, ambayo wiki ile ilikuwa inasogea karibu na dunia kuliko wakati wowote tangu 2003. Siku nne baadaye ilifika umbali wa kilomita milioni 57.6. Vyekundu viwili, kimoja pembeni mwa kingine. Mwezi ulikuwa karibu utosini, shingo zikatuuma, tukatandika mikeka tukalala chali, vichwa pamoja, tumejifunika shuka maana upepo wa kusi ulikuwa unapenya.

Hapo gizani ndipo ikatokea ile habari ambayo kwa ajili yake naandika haya.

Muhula mmoja wa kidato cha tatu Pacha hakurudi shule. Sote tulilijua hilo. Kwetu ulikuwa ni "ule muhula Pacha hayupo", alama ya kuhesabia mambo mengine: tamasha lilikuwa kabla, mtihani ulikuwa baada. Refa akautaja hivyohivyo usiku ule, kwa kupita tu, na mume wangu akauliza kama mtu yeyote asiyejua angeuliza: "Kwani alikuwa wapi?"

Kimya. Kisha Pacha akaanza kueleza, na kwa kuwa aliyeuliza hakujua lolote, ilibidi aanze mwanzo kabisa. Mama yake alikuwa amelazwa. Yeye ndiye mkubwa, wadogo zake wako kwa jirani, baba yuko kazini mbali. Alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda cha mama, kichwa chini ya meza ya dawa, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa akimwachia taa ya korido ili asome. Alieleza sauti ya magurudumu ya kitoroli alfajiri. Alieleza hofu yake kubwa, ambayo si ya mtihani: kwamba kitanda chake cha juu kimepewa mtu mwingine na akirudi hatakuwa na mahali.

"Hakikupewa mtu," nikasema. "Matroni alitaka kukigawa. Kila Jumamosi ya ukaguzi nilikitandika, nikaweka na taulo, kionekane kina mwenyewe."

Akageuza kichwa. "Ulikuwa wewe?"

Miaka yote hiyo tumelala vyumba vimoja, tumepanda magari pamoja, tumecheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna aliyewahi kulifikia jambo hilo, kwa sababu kila mmoja alidhani limeshajulikana. Ilihitaji mtu asiyejua. Nimeliwaza sana jambo hilo tangu usiku ule, na siwezi tena kumtazama mume wangu kama mgeni katika kundi lile. Alitufungulia chumba ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunapita mlangoni kwake.

Maji yalitufikia Pacha akiwa hajamaliza. Mume wangu aliyaona mapema, akasubiri apumue, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tusogee juu kidogo." Tukainuka, kila mmoja akashika pembe ya mkeka, na Pacha akaendelea kueleza huku anatembea kinyumenyume na pembe yake mkononi, habari ya siku mama yake aliporuhusiwa. Tukatandika, tukalala. Baada ya muda maji yakatufuata tena, tukasogea tena. Mama yake alipona, na ndiye aliyecheza kuliko wote harusini kwangu.

Saa sita na dakika 13 uzi mweupe ukatokea ukingoni mwa mwezi, mkali kiasi cha kuumiza macho yaliyozoea giza. Kiranja akasimama na kupiga makofi. Refa alikuwa ameshalala, tukamwamsha kwa nguvu aone.

Siku iliyofuata mume wangu hakuhitaji mkalimani. Habari ya ndoo ilisimuliwa upya, mwanzo hadi mwisho, na ikagundulika kwamba kila mmoja wetu alikuwa na mwisho wake tofauti; walibishana mpaka jioni, naye akiwa mwamuzi na kidaftari mkononi, Refa akinung'unika kwamba kazi yake imechukuliwa.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Julai, simu ya Pacha ilikuja, si kwangu, kwa mume wangu. Alikuwa amesikia kwamba usiku wa tarehe 16 mwezi utapatwa tena, akitaka kujua kama maji yatakuwa yamekupwa. Mume wangu akamwambia kwamba safari hii ni sehemu tu, karibu theluthi mbili, tena ni Jumanne na kilele chake ni baada ya saa sita usiku, watu wana kazi asubuhi. Nikamsikia Pacha akicheka upande wa pili. Kiranja alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, yake na ya Refa, na nyumba ameshaiwekea nafasi.