Silabi kwanza: nilivyomfundisha kusoma mtoto wa miaka 9 aliyechelewa

Kabla ya herufi yoyote, masikio na macho. Mtoto ambaye sikio limewahi kutoa usaha mara kwa mara huweza kukosa tofauti ya "p" na "b", na ukimkazania kadi mtachoshana bure. Nilimpima mwanangu hospitali kwanza, ndipo nikatafuta mahali alipokwama.

Kipimo changu kina hatua tatu. Kwanza anapiga makofi kwa silabi: "samaki" makofi matatu, "malaika" manne. Pili tunacheza kinyume, ule mchezo wa kutanguliza silabi ya mwisho: "kitabu" inakuwa "bukita", "nyumba" inakuwa "mbanyu". Mtoto anayeweza kinyume ana sikio zima la silabi, kwa hiyo kasoro iko kwenye maandishi. Tatu namwonyesha silabi 25 zilizochanganywa. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Wangu aliimba "ba be bi bo bu" mpaka "wa we wi wo wu" bila kukosea, lakini ukimwonyesha "bo" peke yake anarudi chini kwa chini kuanzia "ba" na kuhesabu. Huko ni kukariri wimbo, na ubao ulioandikwa kwa mpangilio uleule kila siku hauwezi kukuonyesha hilo.

Kikwazo kingine kilikuwa majina ya herufi ya Kiingereza. Jina la E kwa Kiingereza linasikika kama "i" yetu, na jina la A linaanza kama "e" yetu. Mtoto aliyeanza na wimbo wa ABC akitaka kuandika "kiti" huandika "kete", na hajakosea kwa hesabu yake. Nikayaondoa majina hayo kabisa kwa miezi mitatu. Herufi ikaitwa kwa sauti yake tu.

Vifaa ni katoni iliyokatwa kadi za upana wa vidole vitatu na maka peni mbili: irabu kwa nyekundu, konsonanti kwa bluu. Herufi ndogo tu. Vipindi viwili kwa siku, dakika 10 hadi 15 kila kimoja, na tunaacha wakati bado anataka kuendelea.

Irabu tano zilichukua wiki moja. Kisha ikaja kazi yenyewe, kuunganisha, na hapa usiharakishe. Ukimfundisha "b" peke yake utajikuta unatamka "bu" au "be", naye atasoma "bu-a" badala ya "ba". Kwa hiyo nilianza na konsonanti zinazovutika: m, s, l. Kadi ya "a" iko mezani, ninaileta "m" taratibu kutoka kushoto, naye anavuta "mmmm" bila kukata pumzi mpaka kadi zigusane na mdomo ufunguke: "mmmmaaa". Akikata pumzi katikati, tunarudia. Nikishabadilisha irabu tu, "ma, mi, mo", konsonanti inatulia. Baadaye ndipo k na t, ambazo hazivutiki, zikaingia kwa mdomo uliokwishazoea.

Herufi hizo tano na irabu tano zinatoa silabi 25, na Kiswahili kinakulipa mapema: moto, kiti, tatu, sita, soma, kisu, samaki, kasuku, kelele. Mtoto wa miaka 9 anadharau kusoma "mama" na "kaka" kila siku, ila "kasuku" linampa heshima. Naongeza maneno yasiyo na maana, kama "sulemi" au "kotila", kwa sababu hayakisiwi wala hayana picha. Kundi jipya la konsonanti haliingii mpaka asome silabi 22 kati ya 25 bila kusita, siku mbili mfululizo, kadi zikiwa zimechanganywa.

"b" na "d" nilizitenganisha kwa wiki nne. Zikiletwa pamoja zinachanganywa, kwa kuwa umbo ni moja lililogeuzwa. "b" huanza na bua, "d" huanza na duara: mkono unachora bua kwanza au duara kwanza, juu ya sinia la mchanga, huku mdomo ukitaja. "r" pia niliichelewesha. Nyumba ambayo "kula" na "kura" hutamkwa sawasawa haiwezi kudai mtoto aziandike tofauti kabla sikio halijafundishwa.

"ch", "sh", "ny" na "ng'" kila moja ina kadi yake, haikatwi, maana mtoto akiziona kama herufi mbili atatafuta sauti mbili. "mb", "nd", "nj" na "nz" nazo zina kadi moja moja, sauti ikipitia puani kwanza: e-mbe, ndi-zi. Lililotusumbua zaidi ni "m" inayosimama peke yake. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba kila konsonanti ina irabu husoma "mutoto" na "mukate". Makofi yakarudi: m-ka-te ni matatu, m-to-to matatu, m-ti mawili, na kadi ya "m" ninaiweka kwa nafasi kidogo kabla ya silabi inayofuata. Kisha nikayapanga "mto" na "moto" yafuatane, maana hapo kukosea kunabadili maana.

Kila siku tulifunga na imla ya maneno matano, mapya mawili na ya zamani matatu. Akiandika "bb" badala ya "baba" simwekei mkasi, ile alama ya kosa. Namwambia asome alichoandika kama kilivyo, anasikia mwenyewe kwamba irabu hazipo.

Herufi kubwa zilikuja mwisho kabisa, na hazikuhitaji kadi. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na vibao vya daladala vilevile. Tulianza na baadhi ya zile zinazobadilika umbo, kama A, D, E, G na R, tukizitafuta kwenye kanga za bibi yake na kwenye POSTA na KARIAKOO tukiwa kituoni.