Schengen: ukitoka na kurudi, siku 90 hazianzi upya

Mama amekuja Vienna kumsaidia binti yake aliyejifungua. Siku 90 za viza yake zinakaribia kwisha na mtoto bado mchanga. Basi mtu anatoa wazo: mpelekeni Belgrade, Serbia, nje ya Schengen, wiki mbili, akirudi atapata siku 90 nyingine. Hapati. Anapata zile alizobakiza tu, na hizo pia kama stika yake ya viza inamruhusu kuingia tena.

Wazo hilo limetoka kwenye nchi ambazo kila ukiingia unagongewa muhuri mpya wenye muda mpya. Schengen, yaani eneo la nchi 29 za Ulaya zenye viza moja na zisizokagua mipaka kati yao, haihesabu safari, inahesabu siku. Tena ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wenye pasipoti za Marekani au Australia, wanaoingia bila viza, na baadhi yao wana mikataba ya zamani na nchi moja moja inayowaongezea muda. Sisi wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunaingia kwa viza, kwa hiyo mikataba hiyo haituhusu.

Kabla ya kuhesabu chochote, soma stika iliyo ndani ya pasipoti. Ina mambo matatu, na wengi husoma moja tu. Kwanza zipo tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho: huo ndio muda ambao stika yenyewe ni hai. Pili, idadi ya kuingia: 01 (mara moja), 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi). Tatu, siku za kukaa. Ubalozi ukitoa siku 30 za kuingia mara moja, kwa kawaida hurefusha tarehe za stika kwa siku 15 ili safari ikisogea usikwame. Stika itasomeka Juni 1 hadi Julai 15, lakini siku za kukaa ni 30. Aliyefika Juni 1 anatakiwa awe ametoka ifikapo Juni 30. Akiangalia ile Julai 15 peke yake na kuondoka Julai 14, amezidisha wiki mbili huku akiamini yuko ndani ya muda.

Mwenye 01 akivuka kwenda Serbia au Uingereza, viza yake imeishia hapo hapo, hata kama ametumia siku nne tu kati ya 30. Mwenye 02 anaweza kurudi mara moja. Safari ya kutoka na kurudi ni ya mwenye MULT au 02, na mwenye 02 akirudi, asitoke tena mpaka siku ya kwenda nyumbani.

Sasa hesabu. Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Chukua siku yoyote uliyomo Schengen, hesabu kurudi nyuma siku 180 pamoja na hiyo yenyewe, kisha ujumlishe siku ulizokuwa ndani. Zisizidi 90. Dirisha hilo linatembea nawe kila siku. Halianzi Januari, wala halianzi siku viza ilipotolewa. Siku ya kuingia ni siku nzima, na ya kutoka vilevile, hata kama ndege ilitua saa tano usiku.

Tumchukue yule mama, tuseme ana MULT yenye siku 90. Ameingia Vienna Januari 10, 2026. Akikaa mfululizo, siku ya 90 ni Aprili 9. Lakini anaondoka Machi 9, akiwa ametumia siku 59, anakwenda Belgrade, anarudi Machi 24. Siku zilizobaki ni 31, kwa hiyo mwisho wake ni Aprili 23. Amesogeza mwisho kwa siku 14, sawasawa na siku alizokuwa nje kamili, kuanzia Machi 10 hadi 23. Hakuna hata moja ya bure. Kukaa nje kunasimamisha saa tu, hakuirudishi nyuma.

Siku za zamani huanza kumrudia pale tu zinapotoka nyuma ya dirisha. Ile ya Januari 10 inatoka Julai 9. Aliyemaliza 90 mfululizo na kuondoka Aprili 9 anaweza kuingia tena Julai 9, na kuanzia hapo kila siku mpya anayokaa inafidiwa na ya zamani inayodondoka. Tume ya Ulaya ina kikokotoo mtandaoni cha kazi hii. Kitumie, ila ukiingiza tarehe kimakosa kitakujibu kwa ujasiri ule ule.

Nchi za karibu za kwenda kusubiri nje ya Schengen zimepungua. Kurasa nyingi bado zinataja Zagreb, Bucharest na Sofia, na ushauri huo umepitwa na wakati: Croatia imo Schengen tangu Januari 1, 2023, na Bulgaria na Romania zimeondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu tangu Januari 1, 2025. Siku za huko zinahesabiwa. Cyprus imo Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, kwa hiyo siku zake haziingii kwenye 90. Uingereza na Ireland zinataka viza zao. Serbia, Albania na Montenegro humpokea mwenye viza hai ya Schengen bila viza nyingine, kila nchi kwa masharti yake. Albania, kwa mfano, hutaka iwe ya kuingia mara nyingi na iwe imeshatumika. Thibitisha na ubalozi wa nchi hiyo kabla ya kulipia tiketi ya basi. Na unaporudi, afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya kila kitu: mwaliko, fedha, bima, tiketi ya kurudi. Beba karatasi zote.

Zamani mihuri iliyofifia iliwaokoa baadhi ya watu. Mlango huo unafungwa. Oktoba 12, 2025 ulianza mfumo wa kielektroniki wa kurekodi kuingia na kutoka, ukipangwa kuchukua kabisa nafasi ya mihuri kufikia Aprili 10, 2026. Unapigwa picha ya uso, na mashine yenyewe inahesabu siku na kutoa orodha ya waliozidisha. Hata hivyo tunza pasi za ndege na risiti zako, maana rekodi ikikosea ni wewe utakayetakiwa kuonyesha ulikuwa wapi.

Kuna njia halali ya kuongezewa muda, nayo ni nyembamba. Unaomba kabla siku hazijaisha, kwenye mamlaka ya nchi uliyomo: Ujerumani ni ofisi ya wageni ya mji, Ufaransa ni préfecture (ofisi ya serikali ya mkoa), Italia ni questura (makao ya polisi ya mkoa). Kwa dharura isiyozuilika au sababu ya kibinadamu, kama kulazwa hospitali au safari za ndege kufungwa, nyongeza hutolewa bure. Kwa sababu nzito za binafsi ni euro 30, na uamuzi ni wao. Peleka barua ya daktari yenye tarehe inayosema mgonjwa hawezi kusafiri hadi lini, tiketi iliyosogezwa, na bima iliyorefushwa, kwa sababu ile ya angalau euro 30,000 lazima ifunike siku mpya pia. "Mjukuu bado mdogo" ni sababu nzuri kwetu, mezani kwao ni dhaifu. Kama aliyejifungua ndiye mgonjwa na hana msaidizi mwingine, cheti cha hospitali kiseme hivyo waziwazi.

Kuomba viza mpya ukiwa Belgrade nako mara nyingi kunagonga mwamba. Ubalozi hupokea maombi ya wakazi halali wa nchi ulipo, na mpita njia lazima aeleze kwa nini hakuombea kwao.

Usikate tiketi ya siku ya 90. Unayetoka Hamburg kupitia Paris kwenda Nairobi, ukaguzi wa kutoka uko Paris. Ukikosa ndege ya kuunganisha ukalala hapo, umeingia siku ya 91. Acha siku tatu au nne za akiba. Kuzidisha kunaleta faini, na marufuku ya kuingia inaweza kufika miaka mitano.

Kwa familia itakayomhitaji mama mara kwa mara, historia safi ndiyo inayolipa. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anastahili ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, kisha mitano, pasipoti ikiruhusu. Inampunguzia foleni na ada ya euro 90 kila safari, ingawa 90 ndani ya 180 inabaki pale pale. Anayehitaji miezi sita mfululizo aombe viza ya kitaifa, aina D, kwa kawaida akiwa bado nyumbani. Siku anazokaa kwa viza hiyo katika nchi iliyoitoa haziingii kwenye hesabu ya 90.