Walleye wanadonoa chambo bila kunasa: nilivyotatua

Tulikuwa Lac Seul, ziwa la Ontario, Kanada, wiki nzima kambini. Walleye, samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, wanadonoa, wanaacha. Ukivuta mshipi, ndoana inatoka na nusu mnyoo. Nilibadili rangi, nikahamisha boti, wapi!

Dawa ilikuwa uzito. Samaki huyu hufungua kinywa ghafla na kufyonza maji pamoja na chambo, kwa hiyo ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 14 haiingii vizuri. Nilifunga ya gramu 3.5, boti ikaelea polepole na upepo. Na hili ndilo muhimu zaidi: mshipi ukiwa mzito kama umenasa jani bichi, usivute. Shusha ncha ya fimbo kiasi cha shubiri, subiri pumzi moja, ndipo uinue. Wakaanza kunasa, tena imara, mdomo wa juu. Upepo ukizidi, panda hadi gramu 7.