Jina Moja kwa Namba Mbili

Mvua imenyesha hapa Kisumu tangu saa kumi, nami bado ninaifikiria hitilafu niliyoirekebisha asubuhi katika programu ya PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti) niliyokiandikia chama cha akina mama wauza samaki wa Dunga. Mama mmoja auzaye omena alibofya jina lake ili atazame hesabu yake, akafunguliwa ukurasa wa mwenzake, pamoja na deni ambalo mwenzake hakutaka lijulikane. “Mwanangu, hili si langu,” aliniambia kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko ukali.

Swali nililoipelekea MySQL, hifadhidata inayotunza kumbukumbu hizo, liliunganisha jedwali la wanachama na jedwali la mauzo, nami niliomba safu wima zote kwa alama ya nyota, ilhali kila jedwali lina safu wima iitwayo id, yenye namba ya utambulisho. Hifadhidata ilirudisha namba zote mbili. Kilichopotea kilipotea wakati wa kuchota. Amri ya mysqli_fetch_assoc huchota safu mlalo moja kila inapoitwa, na zikiisha hurudisha null, yaani “hakuna kitu”, ndipo mzunguko wa while unaoirudia amri hiyo unapokoma. Kila safu mlalo huja kama orodha yenye funguo ambazo ni majina ya safu wima, na kwa kuwa ufunguo hauwezi kujirudia katika orodha moja, thamani inayokuja mwisho huifuta iliyotangulia bila onyo lolote. Hivyo namba ya mauzo ilikaa mahali pa namba ya mwanachama, na mauzo ya 41 yakamfungua mwanachama wa 41.

Nilipojaribu mysqli_fetch_row, ambayo hutumia nafasi kuanzia 0 badala ya majina, namba zote mbili zilikuwepo. Sikuihamia, kwa sababu siku safu wima mpya itakapoingizwa katikati ya jedwali, nafasi zote zinazofuata zitasogea. Niliiondoa nyota, nikataja safu wima ninazozihitaji tu, nikazipa zile id mbili majina ya mwanachama_id na mauzo_id kwa kutumia AS, neno la kuipa safu wima jina jingine katika swali.

Hata hivyo, lililonikosesha utulivu ni kwamba ukurasa ule ulifunguka bila kuuliza anayeusoma ni nani. Hata namba ingekuwa sahihi, yeyote angeweza kuibadilisha na kusoma deni la jirani. Sasa programu hulinganisha namba inayoombwa na ya mwanachama aliyeingia, kabla ya kuchota chochote.

Kesho nitakwenda Dunga nimwonyeshe mama yule ukurasa wake, kisha nimtafute mwenzake nimwombe radhi.